Lindi na Mtwara: Siasa ya Maendeleo ya Mikoa ya Mbali baada ya Ujamaa

Mikoa ya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, imezoea kuitwa mikoa ya mbali. Jina hilo lina haki kwa mtu apimaye njia kutoka Dar es Salaam, lakini historia hailikubali upesi. Kilwa Kisiwani, iliyomo katika mkoa wa Lindi, ilikuwa bandari ya dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331 aliusifu uzuri wake. Nchi iliyopata kuwa kitovu cha biashara ya bahari haikuumbwa kuwa mbali. Ilifanywa kuwa mbali. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi ilivyofanywa hivyo, na jinsi serikali ilivyojaribu kuisogeza karibu, hasa baada ya siasa ya Ujamaa kulegezwa.

Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, pamoja na njaa iliyovifuata, viliteketeza watu wengi. Baadaye serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa karanga mwaka 1947, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Bandari yenye kina ilijengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kwenda bara. Karanga hazikustawi; mpango ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa.

Zao lililoilisha nchi hiyo halikutoka katika mpango wowote mkubwa. Wakulima wenyewe, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, walipanda mikorosho katika mashamba yao, hata msimu wa 1973/74 Tanzania ikavuna tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka kusini. Lakini katika miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Mkulima alipata shule na zahanati karibu, lakini mikorosho yake ilibaki nyuma, ikasongwa na nyasi na kuunguzwa na moto. Bei ndogo ilimkatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaongeza hasara. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000.

Serikali haikuwa imelala. Mwaka 1972 ilipeleka madaraka mikoani, na mikoa ikatungiwa mipango yake, kila mmoja ukitafutiwa mfadhili. Lindi na Mtwara ziliangukia Finland, kama Tanga ilivyoangukia Ujerumani ya Magharibi. Hata hivyo mabaraza ya wilaya yalikuwa yamevunjwa, na mwananchi hakuwa na chombo chake cha kuuliza neno. Mpango ulikuwa wa mkoa kwa jina, lakini wenye kuuamua walikuwa maofisa na wafadhili.

Mwaka 1986 Tanzania ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya Azimio la Arusha. Mambo mawili yalifuata kusini. Kwanza, Finland iliendesha mradi mpya tangu 1988 hadi 2005, ambao kwa muda uliwaita wanakijiji wenyewe kukaa na kutaja haja zao. Mashauri yalikuwa mema, lakini fedha zilitoka ng'ambo, na mradi ulikuwa na mwisho. Pili, biashara ya korosho ilifunguliwa kwa watu binafsi. Penye barabara wanunuzi walishindana. Pasipo na barabara alifika mmoja, naye alitaja bei apendayo. Huko ndiko kangomba ilikostawi, yaani kumnunulia mkulima mwenye shida kwa kipimo na bei ya kumpunja.

Kwa hiyo jambo kubwa lilikuwa njia. Kwa miaka mingi msafiri wa kusini alingoja kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, na masika yakizidi hakujua siku ya kuvuka. Daraja la mto huo, lenye urefu upatao mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Mkapa, mzaliwa wa Masasi. Mwaka 2007 ukaanza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka korosho ghalani na wanunuzi hushindana mnadani. Mfumo huo umelaumiwa kwa malipo kuchelewa na makato kuwa mengi. Hata hivyo msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000.

Lakini barabara ina pande mbili: huleta na huchukua. Serikali ilipoamua kulaza bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, wenyeji waliuliza kwao kutabaki nini. Mwezi wa Mei 2013 swali hilo lilizua ghasia, na watu wakafa.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kusini wajenzi walikuwapo. Mikorosho ni ushahidi wao. Mpango wa Ujamaa uliwahamisha bila kuwauliza, na soko lililofuata liliwaacha peke yao mbele ya mnunuzi mmoja. Palipokuwa na njia, bei ya haki na baraza la kusemea, walizalisha wenyewe. Siasa yoyote ya mikoa ya mbali yapasa kupimwa kwa mambo hayo matatu kabla ya kuhesabu fedha zilizotumika.