Mahali Pamoja, Majina Mengi: Forodhani na Historia ya Uorodheshaji wa Maarifa kwa Mada

Forodhani, ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilipata jina lake kutokana na shughuli za forodha. Mwaka 1936 bustani ya hapo iliitwa Jubilee Gardens, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri, ingawa katika mazungumzo ya kila siku jina la Forodhani limedumu. Jumba linaloielekea, lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, nalo linajulikana kama Beit al-Ajaib, House of Wonders na Jumba la Maajabu.

Kila jina limebeba enzi yake. Kwa hiyo, mtafiti anayetumia jina moja tu katika katalogi hupata nyaraka za kipindi kimoja na kukosa za vipindi vingine, ilhali mahali ni palepale.

Tatizo hili halikuanza leo. Melvil Dewey alichapisha mfumo wake wa uainishaji mwaka 1876, na mwaka 1898 Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuandaa orodha yake ya vichwa vya mada. Katika orodha ya namna hiyo jina moja huteuliwa, na mengine humwelekeza msomaji kwenye jina hilo. Mbinu hiyo ilileta nidhamu, lakini pia ilibeba mtazamo wa waasisi wake. Kwa mfano, Dewey aliupa Ukristo namba za kuanzia 220 hadi 280 na kitu, huku Uislamu ukiwekwa chini ya 297. Aidha, ingawa Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vichwa hivyo vya mada viliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Teknolojia za kisemantiki zimebadili msingi huo. Kwa kanuni ya SKOS, iliyoidhinishwa mwaka 2009, dhana hupewa kitambulisho cha kudumu, kisha majina yake ya lugha mbalimbali huambatanishwa nacho. Hivyo basi, msomaji akiuliza Jumba la Maajabu ataletewa pia nyaraka za Beit al-Ajaib.

Hata hivyo, mashine haimwondolei mkutubi wajibu wake. Programu ya Annif ya Maktaba ya Taifa ya Ufini hupendekeza mada baada ya kujifunza kutokana na kumbukumbu zilizokwisha kuorodheshwa na binadamu. Programu ya aina hiyo ikifunzwa kwa katalogi iliyosahau majina ya wenyeji, itaurudia usahaulifu huohuo kwa kasi zaidi. Kazi ya kwanza, basi, ni wakutubi, wanahistoria na wazee wa mji kukusanya majina pamoja na vipindi vyake.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu iliporomoka. Jengo linapoanguka, nyaraka ndizo hubaki kulisimulia. Nazo zisipopatikana, hasara huwa ya pili.