Wembamba wa Reli: Walipobana Uwanja Mzima

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayenifuata hapa gazetini, leo naomba tuzungumzie mpira wa kikapu. Najua wengi wenu ni watu wa kabumbu. Nivumilieni kidogo, kwani habari yenyewe si ya mpira peke yake.

Nilipokuwa kidato cha pili hapa Dar es Salaam nilikwenda kujaribu bahati yangu katika timu ya kikapu ya shule. Mwalimu wa michezo alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akatabasamu. "Mwanangu," akasema, "mchezo huu ni wa warefu. Wewe tusaidie kubeba jezi." Nikabeba jezi miaka miwili. Sikumchukia mwalimu yule. Alisema waliyokuwa wakiyasema wote. Ila nilikuja kugundua baadaye, nikiwa tayari nashika kipaza sauti kazini, kwamba historia ya mchezo huu huko vyuo vikuu vya Marekani inamkanusha. Tena inamkanusha mara tatu, na mara zote tatu aliyeadhirika ni chuo kimoja: Duke, cha mjini Durham, katika jimbo la North Carolina.

Kwanza tuelewane juu ya mbinu yenyewe. Timu nyingi zikishafunga kikapu hurudi nyuma mbio, zikamsubiri mpinzani karibu na kikapu chao. Hapo mrefu ni mfalme. Lakini ipo njia nyingine: hurudi nyuma. Unambana mpinzani hapo hapo anapoanzisha mpira, chini ya kikapu chake mwenyewe. Ana sekunde 5 tu za kuurusha mpira uwanjani, na katika vyuo vya Marekani timu ya wanaume ina sekunde 10 za kuvuka mstari wa katikati. Mwenye mpira unamsukumia pembeni, kwa sababu mstari wa pembeni ni kama mlinzi wa sita: haupitiki, hauchoki, wala haufanyi faulo. Akishafika kwenye kona, mlinzi wa pili anamvamia. Sasa amezingirwa, mikono minne usoni, na atarusha pasi ya juu ya kubahatisha. Mlinzi wa tatu alikwisha kuitarajia pasi hiyo kabla haijatoka mkononi.

Mbinu hii haitaki kimo. Inataka mapafu, miguu, na watu watano wanaofikiri kwa kichwa kimoja. Ina gharama yake pia. Mmoja akichelewa hatua mbili tu, mpinzani anapenya na kukuta kikapu kitupu. Kwa hiyo kocha anayeifundisha lazima awakimbize vijana wake mazoezini kuliko timu nyingine zote, na awe na wachezaji wanane au tisa wa kuaminika, maana watano hawatamaliza mchezo wakiwa na pumzi. Lazima pia avumilie kufungwa vikapu vya kijinga dakika za mwanzo, akiamini kwamba dakika za mwisho mwenzake ndiye atakayeanguka.

Mchezo wenyewe haukuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi mwaka 1937, kila baada ya kikapu mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu, wachezaji wawili wakaugombea. Utaratibu huo ulipofutwa kuanzia msimu wa 1937-38, timu iliyofungwa ikawa inaanzia mpira chini ya kikapu chake. Ndipo ilipopatikana nafasi ya kumbana pale pale.

Sasa nije kwa John McLendon. Alizaliwa mwaka 1915 katika jimbo la Kansas, akasoma Chuo Kikuu cha Kansas, na mlezi wake wa masomo hapo alikuwa James Naismith mwenyewe, yule mwalimu aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Fikiria bahati hiyo. Lakini McLendon alikuwa Mweusi, na timu ya chuo haikuruhusu Weusi. Akajifunza mchezo kutoka kwa aliyeubuni, bila kuruhusiwa kuuchezea chuo chake. Mimi nililalamikia kubeba jezi; yeye hata jezi hakupewa abebe.

Mwaka 1940 akawa kocha wa chuo cha Weusi mjini Durham, kilichoitwa North Carolina College. Timu yake ilikuwa ya kukimbia na kubana uwanja mzima. Sisemi ndiye aliyeibuni mbinu hiyo; wapo makocha wengine wa miaka hiyo walioitumia. Nasema wachache waliiamini kama yeye. Mjini humo humo kulikuwa na Duke, chuo cha Weupe, na timu ya wanafunzi wake wa udaktari, waliokuwa chini ya jeshi wakati ule wa vita, ilisifiwa kuwa bora mjini. Sheria na desturi za jimbo zilikataza Weusi na Weupe kucheza pamoja.

Jumapili asubuhi, tarehe 12 Machi 1944, watu wengi wakiwa kanisani, magari yalizunguka njia za mbali yakaingia chuoni kwa McLendon. Vijana wa Duke wakaingia ukumbini haraka, milango ikafungwa. Watazamaji hawakualikwa. Kulikuwa na mwamuzi na saa. Mwanzoni wote walitetemeka. Wengi wao hawakuwahi kugusana na mtu wa rangi nyingine uwanjani. Kisha vijana wa McLendon wakatulia, wakaanza kukimbia kama walivyofundishwa. Matokeo: 88 kwa 44. Mara mbili kamili. Na baada ya hapo wakafanya jambo lililokuwa kosa kubwa zaidi ya lile la kwanza: wakachanganyika, Weusi na Weupe timu moja, wakacheza tena.

Usidhani ule ulikuwa mzaha wa vijana. Miezi minne baadaye, Julai 1944, mjini Durham humo humo, askari Mweusi aitwaye Booker Spicely alipigwa risasi na dereva wa basi kwa ugomvi ulioanzia kwenye swali la nani akae kiti gani. Alikufa. Baraza la wazee wa mahakama, Weupe watupu, likamwachia huru dereva.

Na hapa, ndugu msikilizaji, ndipo penye jambo linaloninyima usingizi mimi kama mwandishi wa habari. Mwandishi mmoja wa gazeti la Weusi la mjini alipata fununu ya mchezo ule. Alikuwa na habari ya maisha yake mkononi. Akakubali kutoiandika. Kama angeandika, pengine McLendon angefukuzwa, pengine mtu angeuawa. Habari ile haikuchapishwa hadi mwaka 1996, mwanahistoria Scott Ellsworth alipoitoa. Miaka 52! Tunafundishwa kwamba kazi yetu ni kusema. Nimefikiri sana, na naona yule bwana alifanya sawa. Ila deni la ukimya lilibaki, kwa sababu katika miaka hiyo 52 sifa za mbinu hii zilikwenda kwingine.

Zilikwenda California. Mwaka 1964 John Wooden wa chuo cha UCLA, Los Angeles, alikuwa amefundisha hapo tangu 1948 bila kupata ubingwa wa taifa. Msaidizi wake, Jerry Norman, alimsihi watumie ulinzi wa uwanja mzima: wawili mbele, wawili katikati, mmoja nyuma. Hakuna hata mmoja kati ya watano wake wa kwanza aliyezidi futi 6 na inchi 5. Wa nyuma kabisa, Keith Erickson, alikuwa pia mchezaji wa mpira wa wavu, na mwaka huo huo akaenda Olimpiki ya Tokyo katika mchezo huo. Fainali wakakutana na nani? Duke, yenye vijana wawili wa futi 6 na inchi 10. Duke waliongoza 30-27. Kisha mtego ukafyatuka. Katika dakika mbili na nusu hivi, UCLA walipata pointi 16 mfululizo, na warefu wale wakabaki wakitazama mpira ukipita magotini mwao. Mwisho 98-83, na UCLA wakamaliza msimu na ushindi 30 bila kupoteza hata mchezo mmoja. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza kati ya 10 wa Wooden. Anastahili heshima zake zote. Lakini vitabu vikaandika kana kwamba jua la kubana uwanja lilichomoza siku ile, huku McLendon, aliyekuwa ameshatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959, katika mashindano ya vyuo vidogo akiwa na chuo cha Tennessee A&I, akitajwa pembeni.

Mara ya tatu ilikuwa 1994. Nolan Richardson alizaliwa mwaka 1941 huko El Paso, Texas, mpakani na Mexico, akalelewa na bibi yake. Alianza kufundisha katika shule ya sekondari ya Bowie mjini humo, yenye vijana wa asili ya Mexico, wengi wao wafupi. Angefanyaje? Akawafundisha kukimbia na kubana. Hakuiacha mbinu hiyo alipopanda hadi vyuo vikuu. Alipofika Arkansas mwaka 1985, watu wakaipa jina la Dakika Arobaini za Jehanamu, kwa kuwa mchezo wa vyuo ni dakika 40, na kwake hakukuwa na dakika hata moja ya mapumziko kwa mpinzani. Mwaka 1987 alimzika binti yake, Yvonne, aliyeugua saratani ya damu. Akaendelea. Fainali ya 1994, mbele ya Rais Bill Clinton, aliyewahi kuwa gavana wa Arkansas, Duke waliongoza kwa pointi 10 kipindi cha pili. Miguu ya Duke ikaanza kuwa mizito. Zikiwa zimebaki chini ya dakika moja, matokeo 70-70, Scotty Thurman akarusha kutoka mbali, pointi tatu. Mwisho 76-72.

Miaka minane baadaye, 2002, Richardson alifukuzwa. Alikwenda mahakamani akidai alibaguliwa, akashindwa. Mwaka 2014 aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri la mchezo huo, na mwaka 2019 Arkansas ikaipa sakafu ya kuchezea ya uwanja wake wa ndani jina lake. Naye McLendon, aliyefariki mwaka 1999, alitambuliwa na Jumba hilo kama kocha mwaka 2016 tu. Heshima ya watu hawa, kama unavyoona, hufika na basi la mwisho.

Nimesimulia haya kwa sababu moja. Mwaka 2009 tulishangilia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipotoka Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili kuingia ligi ya kulipwa ya Marekani. Tulishangilia kwa haki. Lakini tangu hapo nawaona walimu wetu wakipita mashuleni kama watu wanaotafuta nguzo za simu. Wanapima kimo. Thabeet alilinda kwa kimo, na Mungu hagawi kimo kile kila mwaka. Ila mapafu na nidhamu vinaweza kufundishwa, tena kwenye kiwanja cha saruji chenye nyufa, bila senti ya ziada.

Wahenga walisema wembamba wa reli, garimoshi hupita. Kwa hiyo wewe mwalimu unayenisikiliza, keshokutwa atakuja mbele yako mtoto mfupi mwenye macho ya njaa ya mchezo. Kabla hujampa jezi za kubeba, mpe mtu wa kumbana, na umwambie asirudi nyuma.

Tukutane juma lijalo, majaliwa.