Somo la Historia: Askari Waliotetemeka

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa awaandikieni maneno matatu ubaoni: handaki, kombora, mwoga. Neno la tatu ndilo litakalotusumbua leo.

Wengi wenu mmefika Kariakoo, Dar es Salaam, au mmesikia habari zake. Jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, vita vya mwaka 1914 mpaka 1918. Vita hivyo vilifika kwetu, lakini moto wake mkubwa uliwaka Ulaya, katika nchi za Ufaransa na Ubelgiji. Huko ndiko tunakokwenda leo.

Askari wa huko walichimba mahandaki marefu, wakaishi humo pamoja na tope, panya na maiti za wenzao. Mizinga ya adui ilipiga mchana na usiku. Pengine ilipiga siku nzima bila kunyamaza, na mtu hana la kufanya ila kuinama na kungoja. Hebu fikirini. Mtu akikutana na simba aweza kukimbia, au aweza kupigana. Askari wa handakini hakuweza hili wala lile.

Baada ya miezi michache madaktari wakaanza kuletewa wagonjwa wa ajabu. Hawakuwa na jeraha lolote. Lakini mmoja hawezi kusema, mwingine haoni vizuri, na wa tatu mikono yamtetemeka hata hawezi kushika kikombe. Mwezi wa Februari 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari za watu watatu wa namna hiyo katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Ugonjwa ukaitwa mshtuko wa makombora.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba kishindo cha kombora kimeumiza ubongo. Kisha wakaonekana wagonjwa ambao hawakuwa karibu na kombora lolote lililopasuka. Hapo ndipo matata yalipoanza. Kama ubongo haukupigwa, mtu huyu ana nini? Baadhi ya madaktari walisema ni akili iliyolemewa na hofu na huzuni. Wakubwa wengi wa jeshi walisema ni woga tu. Wakawagawa wagonjwa mafungu mawili: aliyeshtuliwa na kombora la adui alihesabiwa kuwa amejeruhiwa, akapata alama ya heshima, aliyevunjika moyo bila kombora alihesabiwa mgonjwa tu, asipate alama. Mwaka 1917 madaktari walioko vitani wakakatazwa kulitumia jina lile. Hata hivyo wagonjwa hawakupungua. Vita vilipokwisha, jeshi la Waingereza peke yake lilikuwa limeandika wagonjwa kama 80,000.

Sasa sikilizeni habari za mtu mmoja. Aliitwa Harry Farr. Hakuwa mgeni wa kazi ya askari, kwa maana aliwahi kuifanya kabla ya vita. Alikuwa na mke, Gertrude, na binti mdogo. Mwaka 1915 alilazwa hospitali miezi kadhaa kwa sababu ya kutetemeka. Mkono wake haukuweza kushika kalamu, hata muuguzi ndiye aliyemwandikia barua za kwenda kwa mkewe. Akarudishwa vitani. Mwezi wa Septemba 1916, katika mapigano ya Somme, alisema kwamba hawezi tena, akaomba kuonana na daktari. Hakupokewa, maana hakuwa na jeraha. Akaamriwa kwenda mbele, akakataa.

Tarehe 2 Oktoba alipelekwa mbele ya mahakama ya jeshi. Hakuwa na mtu wa kumtetea. Tarehe 16 Oktoba, alfajiri, askari wa jeshi lake mwenyewe walimpiga risasi. Umri wake ulikuwa miaka 25.

Mkewe alinyimwa malipo ya wajane wa vita, akaenda kufanya kazi ya utumishi katika nyumba za watu. Jambo alilofanyiwa mumewe alilificha kwa aibu, na binti yao alikuwa mtu mzima alipopata kuambiwa. Tazameni jinsi neno moja, mwoga, lilivyomuua mume, kisha likaingia nyumbani likakaa na mke miaka mingi.

Walikuwapo madaktari walioona njia nyingine. Katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, Dakta Rivers aliwaketisha wagonjwa wake wakasema yale waliyoyaona. Alifundisha kwamba kumwambia mtu asahau na ajikaze kwaweza kumzidishia ugonjwa. Lakini hospitali ile ilikuwa ya maofisa. Huko London kulikuwa na askari wa kawaida waliotiwa umeme kooni ili sauti irudi. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo haikuwa ya ugonjwa; ilikuwa ya cheo.

Mwaka 1930 Bunge la Uingereza liliondoa adhabu ya kifo kwa kosa la woga vitani. Fikira ile ya zamani haikuondoka upesi hivyo. Mwaka 1943, huko Sicily, Jenerali Patton wa Marekani aliwapiga makofi askari wawili waliolazwa hospitali kwa ugonjwa wa namna hii, naye akalazimishwa na mkubwa wake kuomba radhi. Na ni mwaka 1980 tu ambapo madaktari wa akili wa Marekani waliuandika rasmi katika kitabu chao ugonjwa wa akili unaofuata kiwewe.

Mwaka 2001 ukumbusho ulifunguliwa Staffordshire, Uingereza: sanamu ya kijana aliyefungwa kitambaa machoni, na nyuma yake nguzo 306 za miti, kila askari na nguzo yake. Mwaka 2006 sheria iliwasamehe askari hao wote 306. Hukumu zenyewe haikuzifuta, bali ilikiri kwamba hawakustahili kuuawa. Binti wa Farr, aliyeachwa na baba akiwa na miaka mitatu, alikuwa na miaka 93.

Mwalimu, sasa zima redio, uwaulize wanafunzi: Hapa petu, mwanamume asiyelala, asiyekula na anayejitenga na wenzake, huitwa jina gani? Na mkewe huwaambia nini majirani? Kila mmoja aandike jibu lake katika daftari.