Jina la Wazee na Jina la Ubatizo: Majina ya Wanaume wa Unyamwezi Kandokando ya Njia ya Misafara

Katika makala hii tunakusudia kuyatazama majina ya wanaume wa Unyamwezi, hasa wa upande wa Nzega, na kuuliza jambo moja: mtu alipofika kwenye maji ya ubatizo akiwa na jina alilopewa na wazee wake, jina lile lilikwenda wapi? Mchungaji aketiye na daftari la ubatizo mbele yake hulijibu swali hili kila aandikapo, hata kama hajapata kulifikiri. Wazazi wengi bado huomba "jina la Kikristo", nao humaanisha Yohana, Petro au Danieli. Mabula hawamtaji mpaka waulizwe.

Nzega iko kaskazini ya Tabora, pale ambapo barabara ya kutoka Singida inakutana na zile za kwenda Tabora na Shinyanga. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Tabora, kisha ikagawanyika: mingine ikashika njia ya magharibi kwenda Ujiji, mingine ikapanda kaskazini kuelekea ziwa kuu, Karagwe na Buganda. Hata jina la kabila lilikuja kwa njia hiyo. Watu wa pwani ndio waliowaita wenyeji Wanyamwezi, na maelezo ya kawaida ni kwamba wao ni watu wa upande ule mwezi mwandamo unakoonekana, yaani magharibi. Wenyewe walijiita kwa nchi zao, Wanyanyembe au Wagalaganza, au kwa pande za dunia: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini. Basi kabla mgeni hajabadili jina la mtu mmoja mmoja, alikwisha kuwapa jina watu wote kwa pamoja.

Nyumbani jina lilitokana na mambo yaliyouzunguka uzazi. Mabula ni mtoto wa mvua. Nzala ni njaa, na aitwaye hivyo hubeba kumbukumbu ya mwaka ambao ghala zilikuwa tupu. Makoye ni matatizo, Mihayo ni maneno, pengine yale yaliyokuwa yakisemwa kati ya koo mbili wakati mimba ikikua. Mayunga ni mzururaji, mtu wa kutembea huku na huko. Ayajuaye Maandiko hawezi kuyaona haya kuwa mageni. Mama yake Yabesi alimwita hivyo kwa sababu ya uchungu wa kumzaa (1 Nya. 4:9). Mkwewe Eli alimwita mwanawe Ikabodi siku sanduku la agano lilipotekwa (1 Sam. 4:21). Raheli akiwa katika kufa alimwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu, lakini baba yake akamgeuza kuwa Benyamini (Mwa. 35:18). Yakobo hakukubali mtoto abebe huzuni ile maisha yake yote. Mtu awezaye kusema kwamba Ikabodi ni jina la Biblia na Makoye ni jina la kipagani anatofautisha lugha tu, wala si imani.

Mapacha wana fungu lao. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Taifa zima limelizoea mojawapo ya majina hayo, hasa tangu Doto Biteko alipoteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023. Wayoruba wa Nigeria nao wana Taiwo na Kehinde kwa mapacha, na Idowu kwa anayewafuata. Wanafunzi wetu wanaomsoma Bolaji Idowu, mwanatheolojia aliyeliongoza Kanisa la Methodist la Nigeria na kuandika kitabu cha Olodumare mwaka 1962, wanamsoma Shija wa Kiyoruba. Huko Ghana, Kofi ni mwanamume aliyezaliwa Ijumaa na Atta ni pacha. Kofi Atta Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa hadi mwaka 2006, angezaliwa Nzega angeweza kuitwa Juma Doto bila kupoteza chochote.

Na yuko mwingine aliye karibu nasi zaidi. Tomaso, kwa Kiaramu, maana yake ni pacha, na Mwinjili Yohana mwenyewe analifasiri jina hilo kwa wasomaji wake (Yn. 11:16). Mchungaji aliyemkataa Doto na kumbatiza Tomaso alilitafsiri jina lilelile tu, kutoka Kinyamwezi kwenda Kiaramu, akidhani ameliondoa. Tunakiri kwamba jambo hili lina upande wa pili. Mapacha katika Unyamwezi walipokewa kwa ibada maalum za kutakasa, na wamisionari wa kwanza walichokiogopa kilikuwa ibada zile kuliko neno Kulwa. Lakini ibada ziliweza kuachwa na jina likabaki. Ndivyo ilivyotokea katika nyumba nyingi, bila azimio la sinodi yoyote.

Sasa tuifuate njia. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani na mzigo begani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili. Njiani alijipa au alipewa jina jingine, la Kiswahili, mara nyingi la mzaha. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliwachukua wapagazi wa Kinyamwezi, na mmoja wa vinara wao aliitwa Pesa Mbili. Hatudhani kwamba kuna mama aliyemwita mwanawe hivyo. Jina la safari lilikuwa kama nguo ya safari: huvaliwa njiani, na lile la nyumbani hungoja nyumbani.

Kwa mtumwa halikungoja. Sidi Mubarak Bombay, aliyeziongoza safari za Burton na Speke na kufika Tabora pamoja nao mwaka 1857, alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni na kupelekwa Bara Hindi. Mubarak maana yake aliyebarikiwa, na Bombay ni mji. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea. Mwenzake Mabruki alikuwa na baraka ileile katika jina. Majina mengi ya watumwa wa pwani yalikuwa ya namna hii, ya heri na ya vito: Mabruki, Faraji, Almasi, Feruzi. Hapo twaona kwamba uzuri wa maana si dhamana ya uhuru. Danieli naye alipewa huko Babeli jina la heshima, Belteshaza, na mwandishi wa kitabu chake anarudi tena na tena kumwita Danieli.

Wenye nguvu, kwa upande wao, walijichagulia. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki Desemba 1884, alizaliwa akiitwa Mbula Mtelya, ambalo wengine huliandika Mtyela Kasanda. Mirambo ni jina la vita, nalo hufasiriwa kuwa maiti. Mtemi wa wakati wake aliyeitawala nchi ya Ukimbu alijulikana kwa jina la Nyungu ya Mawe, chungu cha mawe, kisichovunjika. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye baba yake alikaa Tabora na kumwoa Karunde binti wa Mtemi Fundikira, ndiye Tippu Tip. Yeye mwenyewe katika habari za maisha yake alieleza kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walisema ni kwa ajili ya kupepesa macho. Ngelengwa, aliyeondoka Unyamwezi kwenda Katanga katika biashara ya shaba na kuwa mtawala wa Bunkeya, alijulikana kwa jina la Msiri hadi alipouawa Desemba 1891. Mjukuu wake, Godefroid Munongo, alikuwa waziri katika Katanga ya mwaka 1960, akibeba jina la mtakatifu wa Ulaya pamoja na la ukoo wake.

Pamoja na misafara ulikuja Uislamu, na pamoja nao majina ya siku na ya manabii. Juma, Hamisi na Jumanne yameenea Unyamwezi hata katika nyumba zisizoswali. Lakini tazama jinsi ukoo wa Unyanyembe ulivyofanya. Abdallah Said Fundikira, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki 2007, mtemi na kisha waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, alikuwa na majina mawili ya Kiarabu, na la tatu la yule mtemi aliyewapokea wafanyabiashara wa Kiarabu zaidi ya miaka mia moja kabla. Dini mpya ilipata nafasi yake mbele, na babu hakufukuzwa.

Tungeweza kuyapita mashamba ya mkonge bila kusema neno, kwa kuwa hayakutoa jina la mtu yeyote. Lakini hilo ndilo jambo lenyewe. Barabara ya wapagazi ilipofifia, wanaume wa Unyamwezi walikuwa miongoni mwa wale waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Wafanyakazi walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba, neno lililotokana na namba alizopewa kila mmoja wao. Pesa Mbili alikuwa walau ni kichekesho chenye mwenyewe.

Turudi kwenye daftari la ubatizo. Agano Jipya halimwamuru yeyote abadili jina ili abatizwe. Salamu za Paulo katika Warumi 16 zimejaa majina ambayo kasisi mkali wa baadaye angeyakataa: Herme ni jina la mungu mjumbe wa Wayunani, Nerea ni la mungu wa bahari, na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ana jina lililohusishwa na mungu wa mwezi. Epafrodito, ndugu mpendwa wa Wafilipi, anabeba jina la Afrodite. Paulo anawasalimu, anawasifu, na kuwaita jinsi walivyoitwa na mama zao. Sisi Walutheri tuna ushuhuda wa karibu zaidi. Mtoto aliyezaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483 alibatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martino wa Tours, akapewa jina la siku hiyo. Martino latokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Katika kijitabu chake cha ubatizo cha mwaka 1523, na kile cha 1526, Martin Luther alishughulika na maji, Neno na imani, wala hakuweka sheria juu ya aina ya jina.

Kanisa Katoliki, ambalo limekuwako Unyamwezi kabla yetu, liliweka sheria. Kanuni ya mwaka 1917 ilimtaka kasisi ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, aliongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu. Kanuni ya 1983 imelegeza, ikitaka tu jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Twaomba msomaji ayaangalie maneno yale ya kuandika yote mawili. Sheria kali ya 1917 haikumruhusu kasisi alifute jina la wazee. Madaftari yenye "Yohana mwana wa Petro" na nafasi tupu baada yake yalitokana na uvivu wa kalamu, au pengine dharau, si sheria.

Mfano ulio mgumu kuliko yote ulipita Tabora. Mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, mtembeaji. Kwa ushauri wa mganga jina likabadilishwa kuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alisoma Tabora kuanzia mwaka 1937, akabatizwa mwaka 1943 kwa jina la Julius, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Julius ni jina la ukoo wa Kirumi uliojidai kuwa uzao wa Venus. Ni jina la akida aliyempeleka Paulo Rumi (Mdo. 27:1), na kwa umbo la kike ni la Yulia wa Warumi 16. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na majina mawili yenye asili ya miungu, moja la mganga na moja la Kanisa, naye aliyabeba yote hadharani mpaka kufa kwake mwaka 1999, huku akihudhuria misa kwa uaminifu unaojulikana na wote.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba kila kitu ni sawa, kama wapendavyo kusema baadhi ya watetezi wa utamadunisho. Unyamwezini, kama Uzanaki, mtoto anaposumbuka usiku huenda ikasemwa kwamba babu fulani anadai jina lake. Wazazi wanaomleta mtoto huyo kanisani wanabeba hofu, na hofu hiyo haiponi kwa kumwandika Danieli. Twaona kwamba mchungaji afanye mazungumzo kabla ya ubatizo: jina hili lilitoka wapi, nani alilitaka, na je, mnaogopa nini mkiliacha? Wakijibu kwamba babu atamdhuru mtoto, hapo pana kazi ya Injili, na mchungaji asiharakishe tarehe. Wakijibu kwamba babu alikuwa mtu mwema nao wanataka awe na somo wake duniani, basi aandike. Na aandike kwa herufi za Kinyamwezi zilivyo, Ng'wandu kwa alama yake ya ng', na pembeni maana ya jina kama wazazi walivyoieleza siku ile, kwa maana wajukuu watakapolifungua daftari hilo huenda Kinyamwezi chenyewe kikawa kimewapungukia.