Jinsi seli za ubongo zinavyopata kazi zake mtoto akiwa tumboni

UBONGO wa binadamu aliyekomaa una takriban seli za neva bilioni 86. Baadhi huzisisimua jirani zake, nyingine huzituliza. Kunazo zinazorefusha nyuzi zake hadi kwenye uti wa mgongo, ilhali nyingine hazivuki mtaa wake. Hata hivyo, zote zilirithi jeni zile zile. Je, kazi ziligawanywa vipi?

Kufikia siku ya 28 hivi ya uhai wa kiinitete, utando bapa ulio mgongoni mwake huwa umejikunja ukawa mrija, ambao ndio chimbuko la ubongo na uti wa mgongo. Upande wa mrija huo unaoelekea tumboni hupokea kwa wingi protini iitwayo Sonic Hedgehog, ambayo hupungua kadiri inavyosambaa kuelekea mgongoni. Kila seli huwasha jeni kulingana na kiwango kinachoifikia. Ndivyo zinavyopatikana, kwa mfano, seli za kuendesha misuli.

Mbali na mahali, kuna suala la wakati. Gamba la ubongo lina tabaka 6. Seli zinazotangulia kuzaliwa hukaa chini, nazo zinazofuata huzipita na kujenga tabaka za juu. Mwaka wa 1991, Susan McConnell wa Chuo Kikuu cha Stanford na mwenzake walieleza walivyohamisha seli changa za fereti, mnyama mdogo mwenye umbo kama la nguchiro, hadi kwa fereti wa umri mkubwa zaidi. Zilizohamishwa zikiwa zinaanza tu kunakili jeni zake zilifuata desturi ya wenyeji, zikapanda juu. Zilizokaribia kugawanyika hazikugeuka. Zilishuka tabaka la chini kabisa. Uamuzi ulikuwa umekwisha kupita.

Seli nyingi za kutuliza, nazo, ni wageni katika gamba hilo. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kuwa huzaliwa sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, kisha husafiri. Panya waliopungukiwa na seli hizo wameonekana kupatwa na kifafa.

Ratiba hiyo ikivurugwa, madhara ni makubwa. Baada ya virusi vya Zika kuenea Brazil mwaka wa 2015, watoto wengi walizaliwa na vichwa vidogo. Virusi hivyo hushambulia seli shina, zile zinazozaa seli za neva. Zilipokufa mapema, seli za neva ambazo zingezaliwa majuma yaliyofuata zilikosa wa kuzizaa.