Ubao wa Dari na Vipande vya Kanga

Edward Saidi Tingatinga hakuanza na turubai, wala hakuwa na rangi za wachoraji. Mwaka 1968, Dar es Salaam, alitumia hadibodi, ule ubao mwembamba wa kufungia dari. Aliukata mraba, kama sentimita 60 kila upande, akafungua kopo la rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, akachora mnyama mmoja akajaza ubao mzima. Jiji lilikuwa likijengwa, na vitu hivyo vyote vilipatikana kwenye maduka ya vifaa.

Naanzia kwenye vifaa kwa sababu ndivyo vilivyouzaa mtindo wenyewe, na hilo nimelielewa vizuri zaidi nikiwa na wajukuu sakafuni kuliko nilipokuwa nafundisha Stadi za Kazi shule ya msingi. Rangi ya mafuta haina haraka. Ukipaka nyingine juu yake kabla haijakauka, zote mbili zinachafuana. Inabidi upake uwanja wote rangi moja kwanza, usubiri, ndipo uchore umbo. Usubiri tena, ndipo utie madoa na mistari. Ndiyo maana chui wa Tingatinga hana kivuli, hana mlima nyuma yake, na ukingo wa mwili wake umekatika safi. Wako wanaoziita picha hizo za kitoto kwa kuzidharau. Mimi naona mle akili ya fundi aliyejua kifaa chake kinakubali nini na kinakataa nini.

Alizaliwa mwaka 1932 kijiji cha Namochelia, Tunduru, kusini kabisa mwa nchi. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mkristo. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi zile, alikwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na nyingine alizozipata. Inasimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikinunuliwa mjini, akajiambia naye anaweza. Picha zake za mwanzo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, chini ya mbuyu, mahali walipopita wageni wakienda kununua mahitaji ya nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Masasi, na siamini kwamba jicho lake lilifunguliwa na Wakongo peke yao. Huko kwetu nyumba za udongo zilichorwa. Bibi yangu alipomaliza kusiriba ukuta alisubiri ukauke, akauchora kwa vidole: udongo mweupe, udongo mwekundu, na masizi ya chungu. Alichora ndege, mijusi, watu waliobeba mizigo, na nukta zilizopangwa safu kwa safu. Mvua za masika zikiufuta ukuta wa nje, alisiriba na kuchora upya. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala, akawapa watu karatasi na penseli wachore, akaondoka na michoro yao. Miaka zaidi ya sitini kabla ya ule mraba wa hadibodi, mkono wa kuchora ulikuwapo kusini. Tingatinga aliupa ubao unaoweza kubebwa kwapani na kuuzwa.

Wajukuu wangu watatu huja kwangu likizo ya Desemba. Wao walilijua jina la Tingatinga kupitia televisheni, kwa vile vibonzo vya *Tinga Tinga Tales* vilivyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Niliwaambia alikuwa mtu kwanza, kisha nikawatolea hadibodi. Rangi ya mafuta siwapi, harufu yake ni kali na mdogo bado anaweka vidole mdomoni. Tunatumia rangi za maji, nzito. Utaratibu, hata hivyo, ni ule ule. Kila mmoja anapaka uwanja wake rangi moja, kisha tunatoka kumenya maembe mpaka ukauke.

Pale ambapo fundi angeingiza brashi, sisi tunabandika. Fundi cherehani wa mtaani kwetu hunitunzia vipande vya kanga na vitenge vinavyobaki mezani kwake. Gundi ni kanji ya muhogo, ile ile tuliyokuwa tukitia kwenye nguo kabla ya kupiga pasi: unakoroga unga kwa maji baridi, unamimina kwenye maji yanayochemka, unasonga mpaka uwe mzito na kung'aa, unaacha upoe. Mkubwa, ambaye ana miaka tisa, huchora umbo kwa chaki juu ya uwanja, akakata kitambaa kulifuata. Mwaka jana alitaka samaki. Alikata pindo la kanga nyekundu, akaligeuza mpaka zile nukta nyeupe za ukingoni zikakaa mgongoni mwa samaki, zimejipanga kama magamba, akapaka kanji nyuma kwa kidole na kulikandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kule kuanzia katikati sikumfundisha. Alimwona baba yake akibandika plastiki kwenye kioo cha simu.

Na kanga yenyewe ilianza kwa kuunganisha vipande. Inasimuliwa pwani kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zikiwa bado jora, hazijakatwa moja moja, wakakata leso tatu kwa pamoja na tatu nyingine, wakazishona pamoja kupata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima zenye mapambo ya namna ile. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilijulikana kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Mtoto anapokata mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, na kuuunganisha na pindo la kanga nyingine, anarudi karibu sana na mkono ulioianzisha.

Tingatinga alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafariki. Nilikuwa msichana wakati huo, na habari zake sikuzipata hadi miaka mingi baadaye, lakini kila nikiisimulia nahisi uchungu. Alikuwa na umri wa miaka 40 na kazi ndiyo kwanza imeshika.

Kazi haikufa, kwa sababu hakuwa ameifanya peke yake. Walioketi naye, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, wengi walikuwa ndugu na jamaa kutoka kusini. Hakukuwa na darasa. Mtu alikaa karibu, akatazama, akaanza kujaza uwanja, akapewa madoa, mwisho akachora mnyama wake. Simon Mpata alihamia Nairobi na jina lake likafika Japani. Waliobaki Dar es Salaam waliendelea kuchora kwa pamoja, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika pale pale Oyster Bay. Daudi na Martina, watoto wa Tingatinga, nao ni wachoraji. Nikisikia watu wakilalamika kwamba sanaa hii haikuingia chuoni mapema, nawaambia ilikuwa na chuo chake, na mlango wake ulikuwa undugu.

Undugu huo ulikuwa na tatizo lake, nalo ni saini. Baada ya 1972 picha nyingi zilitembea zikiwa na jina la E. S. Tingatinga ambazo hakuzichora yeye, kwa sababu wanunuzi walilitaka jina hilo. Wale wanafunzi waliotia majina yao wenyewe kwenye kazi zao, wakati jina la mwalimu lingewalipa zaidi, nawaheshimu mno. Kwa hiyo kwangu picha haitoki sakafuni bila jina. Mkubwa alitaka kuandika "Tingatinga" pembeni mwa samaki wake, kwa kuwa ndivyo alivyoona kwenye picha za dukani. Nilimkatalia. Tulizungumza sana, naye wa kati akauliza: basi tukichora ubao mmoja sote, tuandike la nani? Tukakubaliana kuandika majina yote matatu, la mdogo kwa mkono wake mwenyewe hata kama herufi moja imegeuka, na mwaka chini yake.