Asili ya Taa ya Injini

Fundi wa umeme wa magari wa Buguruni, jijini Dar es Salaam, akiletewa Corolla ya zamani ambayo taa yake ya injini haizimiki, aghalabu hana haja ya mashine: hufungua boneti, akainua kifuniko cha kijisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili, TE1 na E1, kisha akazungusha ufunguo bila ya kuwasha injini, na taa ile ile iliyomtia mwenye gari hofu huanza kunena, ikimweka mara nne, ikatua, ikamweka tena mara moja, basi hiyo ni 41, na shaka yaelekea kwenye sensa ya kilango cha hewa kifuatacho mguu wa dereva.

Asili ya lugha hiyo ni moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alithibitisha kwamba ukungu uliowawasha macho watu wa Los Angeles ulitokana na moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta uliopikwa na jua. Jimbo la California likaunda bodi ya kulinda hewa, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza mwaka 1968. Na bodi hiyo ndiyo iliyokuja kufaradhisha kwamba magari ya toleo la 1988 yajikague yenyewe, na yakiona hitilafu yawashe taa. Lakini kila kiwanda kilikuwa na alama zake na tundu lake, hata ilipofika 1996 Marekani nzima ikalazimisha tundu moja la pini 16 na alama za namna moja, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Ndiyo maana P0301 husomeka Buguruni kama isomekavyo Chicago: P ni injini na gia, 0 ni alama ya watengenezaji wote, 3 ni mambo ya kuchoma, na 01 ni silinda ya kwanza, inayomisi. Illa alama hutaja mahali, haimtaji mkosa: yaweza kuwa plagi, koili, nozeli, ama silinda yenyewe. Fundi mwadilifu hubadilisha nafasi za koili ya kwanza na ya pili, akafuta alama, akaliendesha gari. Ikirudi P0302, koili imejishtaki yenyewe, na mteja atanunua moja tu badala ya nne.

Wapo pia waliouza masega ya kusafishia moshi yaliyomo katika bomba lake, wakaja kuomba taa ya P0420, alama ya usafishaji huo kudhoofu, izimwe. Kufuta ni kazi ya dakika moja. Lakini hapo ndipo taa ilipokuwa ikitenda hasa kazi iliyoizaa, na moshi wenyewe tunauvuta sote tunaosubiri daladala pale Buguruni Sheli.